Zilizoanguka Pamoja Ziinuke kwa Mpangilio

  

Leo tuzungumzie kauli ambayo wengi wetu tumeshaambiwa dirishani: "Mfumo uko chini." Mkulima ametoka kijijini na namba yake ya usajili wa mbolea ya ruzuku, mvua za Desemba zimeshaanza, shamba linangoja mbolea ya kupandia, na wakala anamwambia mfumo uko chini. Mama amempakata mtoto mwenye homa, karani wa mapokezi anamwambia mfumo uko chini. Mfanyabiashara anataka kulipia leseni kabla muda haujapita, naye anapewa jibu hilohilo. Sisi kwa kawaida yetu huguna, tukarudi nyumbani, kesho yake tukapanga foleni upya.

Leo nataka tusiishie kuguna. Tuulize: ni kitu gani hasa kilicho chini? Nani anajua namna ya kukiinua? Na kikiinuka, kitainuka na kumbukumbu zetu zote, au zingine zitakuwa zimepotea? Majibu ya maswali hayo yanategemea kazi moja ya wataalamu wa TEHAMA ambayo haisemwi sana hadharani, nayo ni kuzipanga seva katika makundi, na kujua kila kundi litainuliwaje siku ya maafa.

Tuanze na hospitali, maana huko mambo yanaonekana waziwazi. Mgonjwa anafika mapokezi, karani anachapa jina lake. Kabla jina halijatafutwa, kuna seva inayohakikisha kwamba huyo karani ni mtumishi halali na ana ruhusa ya kuingia. Kuna seva ya pili yenye kanzidata, ambamo majina, namba za kadi na historia za wagonjwa zimetunzwa. Kuna ya tatu inayoendesha programu yenyewe, ile inayochukua alichochapa karani na kukipeleka kwenye kanzidata. Kuna ya nne inayotunza picha za eksirei. Maabara ina ya kwake, inayopokea majibu kutoka kwenye vipimo. Kisha mgonjwa anatakiwa alipe, namba ya kumbukumbu ya malipo inaombwa kwenye mfumo wa serikali wa malipo, GePG, ambao hauko hapa Songea. Karani anaona skrini moja tu, lakini nyuma ya skrini hiyo zimesimama seva tano au sita, na kila moja inategemea nyingine.

Zamani kila seva ilikuwa boksi lake: chuma chake, waya wake wa umeme, feni yake. Siku hizi boksi moja kubwa linagawanywa kwa programu maalumu, na ndani yake zinaishi seva nyingi ambazo wataalamu huziita mashine pepe. Fikiria nyumba ya kupanga: paa moja na mita moja ya umeme, lakini kila mpangaji ana chumba chake na ufunguo wake, wala haingii kwa jirani. Kila mashine pepe inajiona ina kompyuta yake peke yake, kumbe zimegawana chuma kilekile. Wazo hili ni la zamani. IBM walilifanyia kazi kwenye kompyuta zao kubwa katika miaka ya 1960. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka 1998 ikalileta kwenye kompyuta za kawaida, na mwaka 2007 teknolojia ya KVM ikaingizwa ndani ya Linux, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipia leseni. Ndiyo maana leo chumba kidogo cha seva katika mji wa mkoa, chenye maboksi mawili au matatu, kinaweza kubeba mashine pepe ishirini na zaidi.

Hiyo ni neema kubwa kwetu wenye bajeti ndogo. Lakini neema hii ina hatari yake, nayo inatokana na urahisi. Kununua boksi jipya kunahitaji zabuni na miezi ya kusubiri, ilhali kuunda mashine pepe ni kazi ya dakika chache. Basi zinazaliana. Moja iliundwa kwa ajili ya mafunzo, mafunzo yakaisha, mashine ikabaki. Nyingine iliundwa kwa majaribio, jaribio likafaulu, watu wakaanza kuitumia, na sasa ndiyo inayotoa risiti. Fungua orodha kwenye skrini ya msimamizi na usome majina: "seva mpya", "seva mpya 2", "jaribio", "jaribio la mwisho", "usifute". Ipi ni ya kanzidata? Ipi ikizimwa hakuna atakayeuliza? Ipi ikizimwa mshahara hautoki? Mara nyingi majibu yako kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo akihamishiwa Sumbawanga, anaondoka nayo.

Hapo ndipo kupanga makundi kunapoanza kazi. Unachukua zile mashine pepe zinazotoa huduma moja na kuziweka pamoja chini ya jina moja linaloeleweka: kundi la hospitali, kundi la mapato, kundi la matokeo ya wanafunzi. Kuanzia hapo unaliendesha kundi zima kama kitu kimoja. Ukitaka kulizima kwa matengenezo, unalizima lote kwa amri moja. Ukitaka kumpa fundi wa maabara ruhusa, unampa kwenye kundi la maabara tu, hagusi la mishahara. Ukitaka kujua huduma fulani inakula kiasi gani cha diski na kumbukumbu, unasoma jumla ya kundi lake. Programu karibu zote za kuendesha mashine pepe zina njia ya kufanya hivi, iwe VMware, XenServer, Hyper-V au Proxmox.

Ila kundi zuri lina kitu zaidi ya jina: lina mpangilio wa kuamka. Tutazame jambo hili kwa karibu kidogo. Umeme umekatika, jenereta halikuwaka, betri zimeisha, chumba kizima kimezima. Umeme unarudi. Mashine zote ishirini zikiamka kwa pamoja, zinagombania diski na kichakataji, kila moja inakwenda kwa kujikongoja. Mbaya zaidi, programu ya hospitali inaamka kabla kanzidata yake haijawa tayari. Inabisha hodi, hapana jibu, inaandika kosa na kusimama. Dakika tatu baadaye kanzidata iko tayari, lakini programu imeshakata tamaa. Karani anafungua skrini anaona ukurasa mweupe. Kila mashine inawaka taa ya kijani, na huduma haipo.

Dawa yake ni namba mbili tu kwa kila mashine: namba ya zamu, na idadi ya sekunde za kusubiri kabla ya zamu inayofuata. Zamu ya kwanza zipe seva zinazotambua majina ya mashine na watumiaji, kwa sababu kila mashine inazihitaji. Zamu ya pili kanzidata, na uiachie muda wa kutosha ijikague, maana iliyozimika ghafla hukagua kumbukumbu zake kabla ya kupokea wageni. Zamu ya tatu programu. Zamu ya mwisho ukurasa ule anaouona karani. Wakati wa kuzima, mpangilio unageuzwa: ukurasa kwanza, kanzidata mwishoni. Ukishazijaza namba hizo, hata mlinzi akipiga simu saa tisa usiku kusema umeme umerudi, hakuna sababu ya mtu kukimbia na pikipiki kwenda kuwasha mashine mojamoja kwa kubahatisha.

Kuna kosa moja linalofanywa sana katika kupanga, nalo ni kupanga kwa idara badala ya huduma. Mashine za idara ya fedha huku, za idara ya afya kule. Kwenye karatasi inapendeza, lakini siku ya tatizo unagundua kwamba huduma ya malipo ya hospitali ina mguu mmoja fedha na mguu mwingine afya, na hakuna kundi linaloibeba yote. Fuata safari ya mwananchi anayehudumiwa, tangu anapotaja jina mpaka anapoondoka na dawa, na kila mashine utakayoigusa njiani iandike. Hilo ndilo kundi. Zile mashine zinazotokea kwenye kila safari, kama ile ya utambulisho, zipewe kundi lao la msingi, liamke kabla ya mengine yote. Na kama una seva mbili zinazosaidiana, moja ikianguka nyingine ishike, weka kanuni kwamba zisikae kwenye boksi moja. Wapo waliolipia seva mbili za namna hiyo, kisha zikalala kwenye chuma kimoja na kufa pamoja.

Sasa tuje kwenye maafa yenyewe. Sisi wa Songea tunaijua habari ya umeme. Miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, mpaka mwaka 2018 tulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Hayo ni maendeleo makubwa, hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini kuunganishwa na taifa ni kuunganishwa pia na hitilafu za taifa. Aprili 1, 2024, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na giza likaingia sehemu kubwa ya nchi. Mwezi uliofuata, Mei 12, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Hitilafu hizo hazikutokea Songea, lakini waliokosa huduma walikuwemo wa Songea.

Mfano ulio mzito kuliko yote umetoka Korea Kusini, nchi ambayo zaidi ya mara moja imeshika nafasi ya kwanza duniani katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya serikali mtandao. Septemba 26, 2025, jioni, moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Ulianzia kwenye betri za kuhifadhi umeme zilipokuwa zikishughulikiwa na mafundi. Mifumo 709 ya serikali ilisimama, baadhi kwa kuungua, mingine kwa kuzimwa ili isiharibiwe na joto. Kati ya mifumo iliyoteketea ulikuwemo ule ambao watumishi wa umma walihifadhi nyaraka zao za kazi, terabaiti 858, na mfumo huo haukuwa na nakala mahali pengine. Ukubwa wake ndio uliokuwa sababu iliyotolewa ya kukosa nakala. Kituo cha akiba kilichokuwa kikijengwa katika mji mwingine, Gongju, kilikuwa hakijaanza kazi kikamilifu. Wiki kadhaa baadaye, mafundi walikuwa bado wanarejesha.

Lakini tazama pia kilichowasaidia. Serikali ile ilikuwa imeshaigawa mifumo yake kwa madaraja ya umuhimu, na wakati wa kurejesha, ya daraja la kwanza ndiyo iliyotangulizwa. Bila orodha hiyo, mifumo 709 ingekuwa ugomvi wa wizara zote, kila moja ikipiga simu kudai wa kwake uanze. Siku ya moto haifai kuwa siku ya kuamua nani atangulie. Hilo linaamuliwa siku ya utulivu, linaandikwa, linasainiwa na mkuu wa taasisi.

Na usidhani kwamba kuwa na nakala pekee kunatosha. Machi 10, 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kiliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, na lililo jirani likaungua sehemu. Wapo wateja waliojua wana nakala rudufu, kumbe nakala hizo zilikuwa zimekaa kwenye eneo lilelile lililoungua.

Hapa tunafika kwenye swali gumu kwetu sisi wa mikoani: nakala ya pili tuipeleke wapi, na kwa njia gani? Mahali papo. Kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL ndio barabara. Tatizo ni upana wa mlango wako wewe. Tupige hesabu. Taasisi yenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiitumia yote mchana na usiku bila kupumzika, itasafirisha takriban gigabaiti 108 kwa siku. Lakini mchana watu wanafanya kazi, huwezi kuwanyang'anya laini. Ukibakiwa na saa kumi za usiku, unapata kama gigabaiti 45. Mashine pepe moja yenye picha za eksirei inaweza kuzidi kiasi hicho mara nyingi.

Kwa hiyo huwezi kusafirisha kila kitu kila usiku. Ni lazima uchague, na huwezi kuchagua kama hujapanga makundi. Kundi la kwanza ni lile ambalo likipoteza hata saa moja ya kumbukumbu, mtu anaweza kudhurika au fedha kupotea. Hilo mabadiliko yake yasafirishwe mara kwa mara, mchana na usiku. Kundi la pili linaweza kusubiri mpaka usiku. Kundi la tatu, kama mashine za mafunzo, nakala yake ichukuliwe kila wiki kwenye diski ya nje, itolewe chumbani na kufungiwa jengo jingine. Kwa kila kundi mkuu wa taasisi ajibu maswali mawili kwa maandishi: tukipatwa na janga, tuko tayari kupoteza kumbukumbu za muda gani? Na tuko tayari kukaa bila huduma kwa muda gani? Fundi hawezi kumjibia, maana hayo ni maamuzi ya uongozi.

Nakala za kundi zichukuliwe kwa wakati mmoja. Ukichukua nakala ya seva ya malipo saa nane usiku, na ya seva ya wagonjwa saa kumi, ukizirejesha utakuta mgonjwa aliyelazwa saa tisa yupo, lakini malipo yake hayapo. Mhasibu ataona deni ambalo limeshalipwa, na mgonjwa atadaiwa mara mbili. Programu za kisasa zinaweza kuligandisha kundi zima kwa nukta moja na kulipiga picha moja. Itumike njia hiyo.

Tena, kunakili moja kwa moja kutoka boksi la kwanza kwenda la pili hakutoshi. Mtumishi akifuta faili kwa bahati mbaya, ufutaji nao unanakiliwa. Wadukuzi wakifunga mafaili yote na kudai fidia, nakala ya pili nayo inafungwa ndani ya dakika chache. Lazima ziwepo nakala za tarehe za nyuma, na walau moja isiyofikika kwa mtandao.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma. Nakataa, na gharama isiwe kisingizio. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware mwezi Novemba 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu, na taasisi nyingi duniani zikaanza kutafuta njia nyingine. Njia hizo zipo, kama Proxmox na XCP-ng, zinapakuliwa bure na zina uwezo wa kupanga makundi na kuchukua nakala. Kazi hii inadai utaratibu zaidi kuliko fedha: kukaa chini na daftari, kuzitambua mashine zote, kuzipa majina ya kueleweka, kuziweka kwenye makundi, kuandika zamu, kisha kufanya mazoezi. Mazoezi ndiyo roho ya yote. Mara mbili kwa mwaka kundi moja lirejeshwe kutoka kwenye nakala, ndani ya mtandao uliotengwa usiogusa huduma halisi, na mtu asiye fundi, kwa mfano karani wa mapokezi, aketi atafute mgonjwa wa jana. Akimpata, nakala ipo. Asipompata, tumegundua mapema. Na maelekezo yachapwe kwenye karatasi, yafungiwe mahali ambapo watu wawili au watatu wanapajua, kwa sababu maelekezo yaliyomo ndani ya seva iliyoungua hayasomeki.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kuzilinda ni pamoja na kuzikinga zisipotee. Historia yako ya matibabu na hesabu yako ya mauzo ya mahindi ni taarifa zako. Taasisi inazitunza kwa dhamana.

Mpendwa msikilizaji, nawageukia kwanza vijana wetu wa TEHAMA, mlio wachache ofisini, wawili au hata mmoja, mnaoitwa kutengeneza printa na hapohapo mnabeba seva za mkoa. Najua mzigo wenu. Anzeni na kundi moja tu, lile ambalo likikwama watu wanaumia. Lipangeni mwezi huu, lifanyieni zoezi, andikeni ripoti ya ukurasa mmoja kwa mkuu wenu, mkisema limechukua saa ngapi kurudi na nini kilikosekana. Ripoti hiyo itawaombea vifaa vizuri kuliko barua kumi za malalamiko.

Nanyi waheshimiwa madiwani, wajumbe wa bodi za hospitali, viongozi wa vyama vya ushirika na SACCOS: bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hujadiliwa mapema, na kwenye majedwali yake kuna fungu la TEHAMA ambalo mara nyingi hupitishwa bila swali, au hukatwa bila swali. Safari hii ulizeni. Huduma zetu ziko makundi mangapi, na lipi linatangulia? Nakala ya pili iko jengo gani, mji gani? Mara ya mwisho kuirejesha kwa majaribio ilikuwa tarehe ngapi, na nani alishuhudia? Mkipewa tarehe, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mkikosa tarehe, tengeni fungu na mpange siku ya zoezi papo hapo, kabla kikao hakijafungwa.